Uzi: Gereza, kiapo na mjomba wangu – Ukristo ulivyoingia kwenye Kanuni yetu ya Adhabu

Mwana wa Lukuledi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome usiku.

Mwaka juzi nilikaa kwenye benchi la mahakama moja huku kwetu Mtwara tangu saa mbili asubuhi, nasubiri jina la mjomba wangu liitwe. Mahakama siitaji, wala kituo cha polisi kilichompeleka. Anayewajua watu wa kusini anajua mjomba ni nani kwetu sisi Wamakua. Ada yangu ya sekondari, yote, ilitoka kwenye mikorosho yake.

Kabla yake kulikuwa na kesi ya wizi wa magunia mawili ya korosho. Shahidi wa kwanza akapanda kizimbani. "Dini yako?" "Mkristo." Akapewa Biblia, jalada limefunikwa kwa karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa shule, kona zimefungwa solatepu. Akaapa hadi "Ee Mungu nisaidie". Shahidi wa pili Mwislamu, yeye akaanza na "Wallahi, billahi, tallahi", akathibitisha kwamba atasema kweli tupu. Mambo yakaenda.

Akaitwa mjomba. Mkononi bado alikuwa na kipande cha plasta pale walipomchoma dripu. Akasomewa shtaka kwamba alijaribu kujiua. "Ni kweli au si kweli?" Akakaa kimya kwa muda, mpaka karani akarudia kuuliza. Akasema, "Ni kweli, mheshimiwa."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimwachia kwa sharti kwamba asitende kosa kwa miezi 12. Lakini kuanzia "ni kweli" mpaka kuachiwa hazikupita dakika kumi, na ndani ya dakika hizo hakuna aliyemuuliza: mzee, ilikuwaje? Ulikuwa na nini moyoni?

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kosa hili lilitoka wapi. Naandika kama Mkatoliki niliyebatizwa na kulelewa kwenye imani hii, sina nia ya kulishambulia Kanisa langu. Lakini kosa hili, wakuu, lilitoka kanisani, tena kwa mtu ninayemheshimu sana: Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini.

Baada ya Roma kutekwa mwaka 410, Augustino aliandika kitabu kikubwa, na katika sehemu yake ya kwanza akaitazama amri ya "Usiue". Akasema: amri ya kushuhudia uongo inataja jirani, hii ya kuua haimtaji jirani. Kwa hiyo inakugusa na wewe mwenyewe. Anayejiua ameua mtu. Karne iliyofuata, mtaguso wa maaskofu kule Braga, Ureno ya leo, ukakataza ibada ya mazishi kwa waliojiua. Kutoka hapo sheria ya Kanisa ikaingia kwenye sheria ya wafalme. Uingereza aliyejiua alizikwa njia panda, mwili umechomwa kijiti, na mali yake ikaenda kwa mfalme, mjane na yatima wakabaki mikono mitupu. Kuzika njia panda kulikoma kwa sheria ya mwaka 1823, kutaifisha mali kukakoma 1870. Aliyejaribu akanusurika, huyo wakamshtaki.

Sasa fuateni njia. Mwaka 1899 jimbo la Queensland, Australia, lilipata kanuni ya jinai iliyoandikwa na Sir Samuel Griffith. Ikapelekwa Nigeria ya Kaskazini 1904, na mwaka 1930 ikawa mfano wa kanuni za Kenya, Uganda na Tanganyika. Yetu ya sasa, Sura ya 16, ilianza kutumika tarehe 28 Septemba 1945. Kosa la kujaribu kujiua lilisafiri humo humo ndani, halikushuka njiani. Waingereza wenyewe walilifuta mwaka 1961. Huku kwetu bado lipo.

Ndiyo maana nikaona tujadili: Ukristo umeingia kiasi gani kwenye sheria yetu ya jinai, na ni upande gani wake ulioingia?

---

Wakili wa Shangani

Mkuu, pole sana kwa mjomba.

Njia uliyoifuata ni sahihi, ila umeruka kituo kimoja. Kabla ya 1930 Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India, iliyoletwa hapa mwaka 1920. Ile iliandaliwa na tume ya Mwingereza aliyeitwa Macaulay, watu waliotaka sheria isiyoegemea dini yoyote, kwa sababu walikuwa wanatawala Wahindu na Waislamu wengi. Kwa hiyo si kila kitu humo ni cha Kanisa, na mfano uliopo wazi ni makosa ya kukashifu dini. Uingereza kosa hilo liliulinda Ukristo peke yake, tena mwaka 1838 jaji mmoja alisema anayelindwa ni Kanisa la Anglikana. Kanuni yetu inasema dini ya watu wowote. Mtu wa Kilwa akichomewa Msahafu na mtu wa Ndanda akivunjiwa msalaba, wote wawili wanashika kifungu kile kile. Uingereza walilifuta kosa lao 2008, sisi letu lilikuwa pana tangu mwanzo.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi ambalo nashangaa hukuligusa. Mtu yeyote aliyesimama mahakamani kwa kesi ya mauaji anajua maneno mawili: kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kati ya hayo mawili kuna kamba ya kunyongea. Unajua tofauti hiyo imeingiaje kwenye sheria ya Kiingereza? Kuna kanuni ya Kilatini inayosema tendo halimfanyi mtu kuwa na hatia mpaka akili yake iwe na hatia. Asili yake ni mahubiri. Na mhubiri ni huyo huyo Augustino wako.

---

Mwana wa Lukuledi

Wakili, umeniwahi, nilikuwa nakuja huko. Na hapa ndipo roho yangu inapouma.

Mahubiri yale yalihusu kiapo, maneno ya Yakobo kwamba msiape. Augustino akatoa mfano wa mvua. Mtu anaamini mvua haikunyesha, lakini anaapa kwamba ilinyesha. Kumbe kweli ilinyesha, yeye tu hajui. Je, amesema uongo? Augustino anasema ndiyo, ameapa uongo, kwa sababu ulimi haupati hatia ila kwa moyo wenye hatia. Maneno hayo yakaingia kwenye kitabu cha sheria za Uingereza mnamo mwaka 1118, yakihusu hapo hapo kwenye kiapo cha uongo. Karne ya 17 jaji Edward Coke akayatandaza kwa makosa mengine, na leo hakimu wa Masasi au Nachingwea anapouliza "alikusudia?" anauliza swali la askofu wa Afrika aliyekufa mwaka 430.

Kwa hiyo mtu mmoja alituachia vitu viwili: kujiua ni kosa, na hakuna kosa bila kuutazama moyo. Mjomba wangu alihukumiwa kwa cha kwanza. Cha pili kilikaa kabatini.

---

Mswahili wa Kivinje

Assalaam alaykum na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu.

Nimesoma kwa makini. Kwanza, ndugu yangu wa Lukuledi, usije ukadhani nia ni mali ya Kanisa peke yake. Sisi madrasa tunaanza na hadithi ya kwamba amali hulipwa kwa nia. Na Sura An-Nisaa inatenganisha aliyemuua muumini kwa kukosea na aliyeua kwa makusudi. Wa kukosea ana fidia ya damu na kafara. Hayo yalikuwa yanahukumiwa pwani hii na makadhi kabla Mreno hajafika. Hata maneno yenu ya mahakamani tazameni: hakimu, sheria, jinai, shahidi, hukumu, adhabu, dhamana. Kanuni ilipita Uingereza na Queensland, lakini ilipofika hapa ilibidi iazime mdomo wa Kiislamu ili izungumze.

Pili, neno moja halitoki huko. Gereza. Nyumbani kwetu Kilwa Kisiwani ukishuka kwenye jahazi kitu cha kwanza kukukabili ni ngome tunayoiita Gereza. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, wakaondoka 1512. Hili jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la enzi ya Waomani. Jina lake ni la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Babu yangu alikuwa ananionyesha ule mlango mkubwa wa mbao, ananiambia: hapa jina ni la kanisa, kazi ni ya kufunga watu. Nikiwa mtoto sikuelewa kanisa na jela vinakutana wapi. Labda wewe unayesoma mambo ya Kanisa utanieleza.

---

Mwana wa Lukuledi

Sheikh, waalaykum salaam. Kuhusu nia nimekubali bila ubishi.

Kuhusu gereza, neno lenyewe nadhani lilikuja kwa ngome za Wareno kuwa na kanisa ndani, halafu ngome zikageuka mahabusu. Lakini kanisa na jela vilikutana kweli, na mbali na hapa. Sheria ya zamani ya Roma ilitumia jela kumweka mtu akisubiri kesi au kunyongwa. Adhabu zenyewe zilikuwa kifo, viboko, faini, kazi ya migodini. Kanisa lilikuwa na shida moja: padri haruhusiwi kumwaga damu. Sasa padri au mtawa akikosa, mahakama ya Kanisa imfanye nini? Ikamfungia chumbani afanye toba. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliweka wazi katika sheria ya Kanisa kwamba kifungo kinaweza kuwa adhabu yenyewe, kwa muda au maisha. Karne tano baadaye kule Pennsylvania, Marekani, Wakristo wa madhehebu ya Quaker wakaona viboko na kunyonga vimezidi, wakasaidia kuanzisha jela ya vyumba vya mtu mmoja mmoja kule Walnut Street mwaka 1790, na nyingine kubwa ikafunguliwa Philadelphia 1829. Wazo lilikuwa kwamba mtu akae peke yake na Biblia, ajutie. Jina walilolipa kwa Kiingereza, penitentiary, linatokana na neno toba.

Walikuwa na nia njema kabisa. Baadhi ya waliofungiwa kwenye upweke ule walirukwa na akili. Jambo hilo nimeliwaza sana kwa sababu upweke ndio uliomfikisha mjomba alipofika.

---

Binti Newala

Naomba niongeze kwenye kiapo, maana umeanza nacho. Bibi yangu Mmakonde alitusimulia habari za mwavi. Mtu akishukiwa uchawi ananyweshwa. Akitapika ni mwema, akifa alikuwa mchawi. Hicho nacho wazee walikiita kiapo. Ndiyo maana mpaka leo tunasema mtu "amekula" kiapo. Wamisionari walipiga vita sana jambo hili, na serikali ya Waingereza ikaleta Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Nilikuwa nadhani Wazungu hawakuwahi kuwa na kitu cha namna ile.

---

Wakili wa Shangani

Dada, walikuwa nacho, tena kwa baraka za padri. Uingereza mtuhumiwa alishikishwa chuma cha moto, mkono ukafungwa kitambaa, baada ya siku tatu wanafungua waone kama kidonda kimeoza. Au anatoswa kwenye maji yaliyobarikiwa: akizama hana hatia, akielea ana hatia. Padri ndiye aliyebariki chuma na maji.

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano chini ya Papa Inosenti III ukawakataza makasisi kushiriki. Bila padri kiapo kile kikakosa nguvu. Ulaya bara wakageukia mashahidi wawili na kukiri kosa, na kutafuta kukiri huko kukaleta mateso. Uingereza wakageukia kuwauliza watu kumi na wawili wa jirani, likazaliwa baraza la raia wanaoamua kama mtu ana hatia, yaani jury. Sisi hatukupata baraza la namna ile, tulipata wazee wa baraza wa kumshauri jaji. Mimi binafsi naona uamuzi wa 1215 ulibadilisha sheria ya jinai kuliko sheria nyingi za wafalme, na ulikuwa uamuzi wa Kanisa kutoa mkono wake kwenye jambo baya lililokuwa linalibariki lenyewe.

---

Mwana wa Lukuledi

Sentensi yako ya mwisho, Wakili, ndiyo ninayoitafuta kwenye suala la mjomba.

Kanisa limeshatoa mkono kwenye hili pia. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimnyima mazishi ya Kanisa aliyejiua kwa makusudi. Ile ya 1983 imemwondoa kwenye orodha. Katekisimu ya 1992 inasema wazi kwamba msongo mkubwa, hofu au mateso ya akili hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Kenya, waliokuwa na kifungu ndugu wa hiki, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Waliokipanda wameshang'oa, jirani anang'oa, sisi tunapalilia.

---

Muuguzi wa Kusini

Mimi sijui Kilatini wala mitaguso. Nafanya kazi wodini, hospitali siitaji. Nawaambieni kinachotokea. Mgonjwa wa namna hii akiletwa, ndugu hawaulizi kwanza kama atapona. Wananivuta pembeni: "Sista, utaandika nini kwenye faili?" Wameshatunga ajali. Mgonjwa mwenyewe anafundishwa njiani aseme ni ajali. Daktari anayetakiwa kumsaidia anadanganywa na mgonjwa wake kwa sababu ya kuogopa polisi. Anaruhusiwa, anarudi nyumbani na ule ule mzigo, na hakuna aliyezungumza naye. Kama mjomba wako alisema "ni kweli", basi alikuwa jasiri kuliko wengi ninaowaona.

---

Mmwera wa Nyangao

Samahani, naomba nipinge kidogo. Sheria ikikaa kimya kabisa si tutakuwa tunawaambia vijana kwamba jambo hili ni sawa? Uhai ni wa Mungu. Wakristo na Waislamu tunakubaliana hapo, na Msahafu nao unasema wala msijiue. Mimi naona kosa libaki kwenye kitabu, adhabu iwe nyepesi.

---

Mswahili wa Kivinje

Mtani, uhai ni wa Mungu, hapo hatuna ugomvi. Lakini ipo dhambi na lipo kosa la jinai. Kusengenya ni dhambi kubwa, mbona hatujajenga mahabusu ya wasengenyaji? Sisi tunakataza, tunafundisha, tunaombea. Askari na pingu ni jambo jingine.

---

Mwana wa Lukuledi

Nakuelewa, mtani wa Nyangao, na mama yangu anasema kama wewe. Nikujibu kwa kitu cha jirani na kwako.

Watawa wa Kibenediktini waliofika Lukuledi mwaka 1895, nyumba yao ikachomwa kwenye Majimaji 1905, wakahamia Ndanda 1906, wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6. Ile nayo ina sehemu ya adhabu, tena kali. Mtawa aonywe kwa siri mara mbili, kisha mbele ya wote, kisha atengwe mezani na kanisani, viboko vimo, kufukuzwa kumo. Hakuna anayeweza kusema Benedikto alikaa kimya kuhusu kosa. Lakini sura ya 27 inamwagiza abati, mkuu wa watawa, awe kama tabibu, na yule aliyetengwa apelekewe kwa siri ndugu wazee wenye hekima, wakae naye, wamfariji, asije akamezwa na huzuni. Na sura ya 29 inasema aliyeondoka akirudi apokelewe, mpaka mara ya tatu.

Nimeisoma sura ile ya 27 mara nyingi. Kanuni ya Adhabu ilichukua kwa Kanisa kosa, ikachukua kiapo, ikachukua chumba cha kufungia. Wale wazee wa hekima haikuwachukua. Nikipewa nafasi ya kuandika kifungu kimoja tu badala ya kile kilichomleta mjomba kizimbani, ningeandika kwamba mtu huyu apelekwe kwa daktari wa akili, na atafutiwe watu wawili wa kukaa naye.

---

Binti Newala

Mjomba anaendeleaje sasa?

---

Mwana wa Lukuledi

Mjomba yupo, dada, asante kwa kuuliza. Wiki ile ile aliyotoka mahakamani walikuja wazee wawili wa jumuiya yetu ndogo ndogo, mmoja fundi baiskeli, mwingine katekista mstaafu. Hakuna aliyewatuma na sidhani wamewahi kusikia habari za sura ya 27. Hawakumhubiria. Katekista alikuja na bao lake la mkangazi, wakakaa chini ya mwembe wakacheza mpaka magharibi. Alhamisi iliyofuata wakaja tena, na iliyofuata.

Msimu huu amepulizia salfa mikorosho yake mwenyewe, safu ya juu yote, ameniachia ya bondeni. Ile miezi 12 ilishaisha. Karatasi ya mahakama ameikunja ameiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nimeiona Jumapili iliyopita alipokuwa anatafuta ukurasa. Alhamisi bado wanakuja.